Viti vya Jumanne

"Kati ya Kawajense na Shanwe hakuna kiti kinachoyajua makalio yangu."

Hayo aliyasema Yotham Malale mbele ya vijana wanne na sufuria moja ya chai, na aliyasema akiwa amekaa. Kwake hiyo haikuwa hoja. Kibanda cha chai kilikuwa Shanwe kwenyewe, na yeye alikuwa anazungumzia njia. Njia yote, akasema, anaikata kwa mguu kama mtu anayevuka sebule. Anatoka, anafika, hajapumua hata mara mbili.

"Unapumua kwa kutumia nini, matairi?" aliuliza mmoja wa vijana. Wote walijua kwamba Yotham, tangu apate kazi ya udodosaji, hakuonekana akitembea hatua mia bila kusimamisha bodaboda.

"Nyie cheki hizi," Yotham akajibu, akanyoosha mguu. Alikuwa amevaa raba nyeupe mpya, nyeupe kiasi kwamba vumbi la Mpanda lilikuwa bado halijaamini. "Hizi ni za mtu wa kutembea."

Kazi yenyewe ilikuwa ya mradi uliokuja kuupima mji. Sio kupima viwanja, jamani, watu wengi walikosea hapo wakaanza kuficha mipaka. Ulikuwa unapimwa mji kama mgonjwa anavyopimwa: maji yako mbali kiasi gani na mlango, kivuli kipo, choo cha soko kina sabuni, mchicha unauzwa wapi, mama mjamzito anatembea dakika ngapi mpaka zahanati. Kila mtaa ungepata rangi yake. Kijani, mji unakutunza. Njano, unakutunza ukiukumbusha. Nyekundu, umekusahau. Na mitaa miwili itakayotoka nyekundu kuliko yote ingejengewa kwanza, kabla mvua hazijakolea.

Mambo hayo yote msimamizi wao, dada mwenye miwani na sauti isiyopanda aliyeitwa Matilda, aliyaeleza kwenye semina ya siku mbili. Yotham alihudhuria zote mbili. Alikaa nyuma. Swali la kumi na saba lilipokuwa linafafanuliwa, yeye alikuwa anawaonyesha wenzake jinsi mhubiri mmoja anavyokohoa kabla ya kuomba sadaka.

Sasa basi, mtaa wa mwisho wa Kawajense, ule unaopakana na mashamba ya tumbaku, Yotham aliujaza palepale kibandani. Kutoka nyumba ya mbali kabisa mpaka zahanati ya Shanwe: dakika kumi na nne. Sehemu za kupumzika njiani: hakuna. Akabonyeza, simu ya mradi ikalia ting, na mtaa mzima ukawa kijani kama mchicha.

Kesho yake asubuhi aliitwa ofisi ya mtaa. Alimkuta Matilda mezani, na pembeni yake mama mmoja wa makamo ya juu, kitenge kimefungwa vizuri, rozari ya mbao imezungushwa kwenye kiganja. Ni Médiatrice, ambaye mtaani wanamwita Mama Pontien. Wazazi wake walitoka Burundi yeye akiwa wa kubebwa, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi Katumba, akaolewa, akahamia Mpanda, akapata uraia, na hadi leo akikasirika Kiswahili chake kinapanda mlima na kushuka upande ule mwingine.

"Ndio huyu?" aliuliza.

"Ndiye," akasema Matilda.

Médiatrice alimwangalia Yotham kuanzia kofia hadi raba. "Mwana wanje, mwanangu, dakika kumi na nne? Hata mbuzi wangu akifukuzwa na mbwa hafiki."

"Mama, inategemea na mbuzi."

Hakuna aliyecheka, jambo ambalo kwa Yotham lilikuwa kama kukatiwa umeme.

"Mkwe wangu Lidia ana miezi minane," Médiatrice akaendelea, sasa akimwambia Matilda. "Atajifungua mwezi wa kumi na moja mwishoni. Wakati huo korongo limejaa. Huyu wake wa kwanza, Claude, amezaliwa barazani kwa mwenye mashine ya kusaga, mvua inanyesha, na zahanati tunaiona pale ng'ambo ya maji. Tunaiona! Taa inawaka! Nilimkata kitovu kwa wembe wa dukani. Sitaki mara ya pili. Tunataka kivuko cha miguu, na naambiwa mtaa wetu ni kijani."

"Kwa hesabu yako, mama, ni mwendo wa muda gani?" Matilda akauliza.

"Kwa hatua za Lidia, rozari tatu kasoro fungu moja. Korongo likijaa tunazunguka kwenye daraja la barabara kubwa. Hapo rozari saba."

Yotham alishindwa kujizuia. "Mama Pontien, simu ya mradi haina sehemu ya kuweka Salamu Maria."

Lakini Matilda alikuwa amechukua kalamu. Alimwomba Médiatrice asali fungu moja, Salamu Maria kumi, kwa mwendo wake wa kawaida, akaangalia saa, akaandika. Alimwomba arudie, mara ya pili, mara ya tatu. Tofauti ilikuwa sekunde nne. Matilda alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nina wadodosaji ishirini na mbili wenye simu za mradi," alisema taratibu. "Hakuna aliyenipa vipimo vitatu vinavyofanana hivi." Kisha akamgeukia Yotham. "Kesho ni Jumanne, siku ya kliniki. Utaitembea wewe mwenyewe pamoja nao. Na utabeba kinachobebwa. Saa kumi jioni utatoa taarifa kwenye mkutano wa mtaa."

"Kinachobebwa ni nini?"

Kinachobebwa kilikuwa na miaka miwili, kilikuwa na mashavu, na kilikuwa kizito kama debe la karanga.

Saa mbili kamili asubuhi Médiatrice alimfunga Claude mgongoni kwa Yotham kwa kitenge cha kijani chenye picha za kuku. Lidia, ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo, aligeukia ukuta mabega yakitikisika. Yotham alibonyeza simu ya mradi ianze kuhesabu, na wakaondoka, Lidia na tumbo lake mbele, kadi ya kliniki mkononi, Médiatrice akipitisha punje zake, Yotham nyuma kama ngamia aliyevaa raba nyeupe.

"Mama Yotham hongera!" watu walimpigia kelele kutoka kwenye kilabu cha pombe.

"Asanteni! Baba yake mnamjua!" akajibu, maana huyo hukosi kumkuta na jibu.

Haijapita dakika nne wakakuta kiti. Kiti cha plastiki, mguu mmoja umeshonwa kwa waya, kimewekwa nje ya ua, kwenye kivuli, na hakuna mtu. Lidia akakaa. Akavuta pumzi kama mara kumi, akainuka, akasema "Asanteni" kwa mlango uliofungwa, wakaendelea.

Mbele kidogo, kigoda. Pembeni yake jagi la maji limefunikwa kwa sahani, na kikombe juu. Lidia akakaa tena.

Hapo Yotham akakumbuka kitu. Jumanne moja alipita njia hii kwa bodaboda, akaona viti nje ya nyumba, kimoja hapa, kimoja pale, akajua kuna msiba. Alimwambia dereva apunguze mwendo, akavua kofia, akainamisha kichwa nyumba hadi nyumba. Alishangaa tu kwamba msiba umekuwa mrefu vile na hakuna anayelia.

"Mama Pontien, hivi viti ni vya nani?"

"Vya wenyewe."

"Vinafanya nini hapa nje?"

"Vinasubiri Jumanne."

Alimsimulia huku anatembea, kwa vipande, kati ya fungu na fungu. Claude alipozaliwa barazani, yeye hakulala siku tatu. Ya nne akaanza kupita nyumba hadi nyumba. Hakuomba pesa. Hakuomba chakula. Alikuwa anasema, "Niazime kiti chako na kivuli chako, Jumanne asubuhi mpaka saa sita." Wengine walidhani amechanganyikiwa. Mwenye mashine ya kusaga alikuwa wa kwanza kutoa, kwa sababu baraza lake lilishaona. Akafuata mama wa Kifipa mwenye jagi. Akafuata fundi baiskeli, ambaye kiti chake ni siti ya gari bovu na ndicho wajawazito wanachokigombea. Sasa vimekuwa kumi na moja. Hakuna anayekumbushwa. Mtu akisafiri anamwachia jirani kiti.

"Nilihesabu kwa Lidia," alisema. "Pale anapoanza kushika kiuno, pale ndipo nilipobisha hodi."

Yotham alikuwa anafikiria lile jibu lake: sehemu za kupumzika, hakuna. Alikuwa amepita mbele ya viti kumi na moja, akavivulia kofia, na bado akaandika hakuna.

Ila kutembea ni kutembea, na kujisifu kulikuwa kumeshatangulia. Kiti cha tatu alikipita kifua mbele. Cha nne alipiga mluzi. Kisha wakashuka korongoni. Lilikuwa kavu, mchanga mtupu, jua la mwezi wa kumi limeukaanga mpaka unachoma kupitia soli. Claude aligundua kwamba sikio la Yotham linavutika. Raba nyeupe ziligundua visigino vya Yotham. Upande wa kupanda, mguu ulikuwa unaenda hatua moja mbele na nusu hatua nyuma, na Lidia alipanda kwa kushika mizizi, kimya, jasho linamdondoka kidevuni, mkono mmoja chini ya tumbo. Yotham alimwona.

Kwenye kiti cha sita, ile siti ya gari, aliegemea kidogo. Kuegemea sio kukaa.

"Kaa, mwana wanje," Médiatrice akamwambia.

"Mimi? Mama, mimi sijaanza kuchoka. Nyie pumzikeni, mimi natangulia na mtoto."

Akatangulia. Akakata kona, akahakikisha hawamwoni, na baada ya hapo alitembea kama bata aliyekanyaga miiba. Ndipo akakutana na kiti cha saba.

Kilikuwa kigoda cha Kisukuma cha miguu mitatu, cha mti mmoja, kimekaa chini ya mwarobaini mbele ya zizi. Mwenyewe, mzee Ng'washi, aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Maswa enzi Yotham hajazaliwa, alikuwa anafunga mlango wa zizi ng'ombe wakiwa tayari nje.

"Mwangaluka, guku," Yotham akasalimia kwa Kisukuma, akimwita babu.

"Mwangaluka, ng'wana Malale. Naona umezaa."

"Ni kazi ya mradi, guku. Nakaa kufunga kamba tu."

Alikaa. Akafungua kamba badala ya kufunga. Ng'washi aliviona visigino, akatikisa kichwa, akaleta beseni la maji bila kuulizwa. Akaleta na kibuyu cha mtindi, akammiminia yeye, akammiminia na Claude, ambaye mara moja aliacha sikio. Ule mtindi ulikuwa wa baridi, hujui ameuhifadhi wapi. Yotham aliweka miguu majini, akafumba macho, na akahisi, kwa mara ya kwanza tangu apewe ile simu, kwamba mji mzima umemwekea mkono begani.

"Guku, leo jioni utakuja mkutanoni?" aliuliza alipofumbua.

"Nakwenda kunywesha ng'ombe. Mpaka nirudi ni usiku."

"Vizuri. Yaani, pole."

Sauti ya Médiatrice ilisikika konani. Yotham akaruka. Raba hazikuingia miguuni, visigino vilikuwa vimevimba. Ng'washi akavua katambuga zake, zile za tairi la gari, akamsukumia. Mama wawili walipotokeza, Yotham alikuwa njiani, wima, mtoto mgongoni ana masharubu meupe ya mtindi.

Médiatrice aliangalia masharubu ya mjukuu wake. Akaangalia miguu ya Yotham. Akapitisha punje moja ya rozari, wakaendelea.

Pale zahanati, Lidia alipogusa lango, Médiatrice alisema, "Rozari tatu kasoro fungu moja." Yotham alibonyeza simu. Dakika hamsini na tatu. Alichukua kalamu akapiga hesabu ya yale mafungu aliyoyapima Matilda, juu ya kiganja chake mwenyewe, akarudia. Ilitoka hamsini na mbili na nusu.

"Mama Pontien," alisema, na sauti ilikuwa haina mzaha hata chembe, "wewe ungenifundisha hii kazi."

Sasa, mtu aliyesema maneno hayo saa tatu asubuhi angeweza kubaki hivyohivyo hadi jioni. Lakini saa kumi jioni uwanja wa ofisi ya mtaa ulikuwa umejaa. Walikuwepo wale vijana wanne wa chai, mstari wa mbele, mikono imekunjwa. Walikuwepo wasichana wa cherehani. Mtu mmoja akauliza kwa nini mdodosaji amevaa katambuga, Yotham akajibu kwamba ndio fasheni inayokuja, mtaiona Dar mwakani. Watu wakacheka. Na kicheko kwa Yotham ni kama petroli.

Alianza vizuri. Aliwasimulia viti kumi na moja, kimoja kimoja: waya wa kile cha plastiki, jagi na sahani yake, siti ya gari. Alisimama mbele ya watu akasema kwamba yeye aliandika hakuna na alikosea, na watu wa mtaa ule, ambao hawakuwahi kusikia viti vyao vikitajwa na mtu wa mradi, walianza kukaa wima. Mama wa Kifipa alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Alisimulia rozari, na jinsi ilivyoishinda simu. Alipomwonyesha Médiatrice kwa mkono, uwanja mzima ulipiga makofi, na Médiatrice aliangalia chini kama aliyedondosha sindano.

Angekaa hapo! Lakini kijana mmoja wa mbele akapaza sauti: "Na wewe mzee wa miguu, ulikalia vingapi?"

Yotham alivuta kofia. "Mimi? Na debe mgongoni, korongo nimeshuka, korongo nimepanda, jua linawaka. Sikukaa hata kimoja. Niliwaambia, makalio yangu hayana urafiki na viti."

Vicheko, miluzi. Matilda alikuwa mezani na kishikwambi chake, akijaza kadiri Yotham anavyosema. Aliinua kichwa.

"Narudia kwa ajili ya kumbukumbu. Swali la kumi na saba. Je, mdodosaji, akiwa na mzigo wa kawaida wa mkazi, alilazimika kukaa? Jibu ni hapana?"

"Linahusu nini hilo?" Yotham akauliza.

"Nilieleza kwenye semina. Dakika zikizidi thelathini na mdodosaji akalazimika kukaa, mtaa ni nyekundu, unaingia kwenye orodha ya kujengewa kivuko. Asipolazimika, muda unahesabiwa ni wa mwendo wake wa polepole. Mtaa unakuwa njano."

Lidia alikuwa amekaa kwenye benchi la pembeni, Claude amelala kwenye kile kilichobaki cha mapaja yake. Aliweka mkono juu ya tumbo na kuangalia upande wa korongo, ambako wingu la kwanza la mwaka, dogo kama shuka la mtoto, lilikuwa limeanikwa.

Yotham aliangalia wingu. Akaangalia vijana wanne. Akaangalia wasichana wa cherehani. Médiatrice alikuwa anamwangalia kama anayesubiri uji uchemke, hana haraka, moto upo.

"Dada Matilda," alianza, "hilo neno kukaa, sasa, kuna kukaa na kuna..."

"Ng'wana Malale!"

Sauti ilitoka nyuma kabisa. Watu wakageuka, wakaachia njia. Mzee Ng'washi alikuwa anakuja katikati ya uwanja, peku, fimbo ya kuchungia begani, na kwenye ncha ya fimbo, zimefungwa kwa kamba zake, zilikuwa zinabembea raba mbili nyeupe.

"Nimewaacha ng'ombe kwa kijana wangu nikuletee viatu," alisema, akazishusha mbele ya miguu ya Yotham. "Umevisahau kwenye kigoda changu. Na hizo zangu nirudishie, mchanga unachoma."

Vijana wanne wakaangukiana kwa kicheko.

Matilda alishika kalamu ya kishikwambi juu ya swali la kumi na saba. Hakutabasamu, ila miwani ilikuwa inatikisika. "Kwa hiyo, Yotham, ulikaa."

"Nilikaa," Yotham akasema kwa sauti iliyomfikia kila mtu, akaanza kuvua katambuga. "Andika. Nililazimika. Mara moja tu, dada, ila nililazimika."

"Mara mbili," akasema Ng'washi. "Uliinuka, ukachungulia konani, ukaona mama zako bado wako mbali, ukakaa tena ukaomba mtindi mwingine."